Mafuta ya Nazi ya Mama na Tiketi Iliyoandikwa 0PC

Pale Embakasi, kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi, wasindikizaji hawaingii ndani. Unamkumbatia msafiri wako mlangoni, mnaombeana dua, kisha unabaki ukingoni mwa barabara ukichungulia vioo. Usiku ule wa Julai nilikuwa nimeshaanza kurudi kwenye gari simu ilipolia. Alikuwa mama.

"Mwanangu, huyu binti anasema tiketi yangu haina begi."

Nikamjibu kwamba haiwezekani, tiketi tumeilipa yote. Nikasikia sauti ya binti mwenyewe, ya upole kabisa: "Mama, tiketi imelipwa, ila ni ya begi la mkononi peke yake, kilo 7. Hili sanduku ni la kulipia." Bei ilikuwa dola 150, kwa kadi, na kaunta ilibakisha dakika 40 kufungwa. Kadi yangu ya benki ilikuwa nyumbani. Kwenye M-Pesa nilikuwa na shilingi 11,000, na dola 150 ni zaidi ya shilingi 19,000.

Mama akatoka na kitoroli chake. Akachutama palepale nje, chini ya taa, akafungua sanduku alilokuwa amelipanga kwa siku tatu. Alikuwa anakwenda nchi moja ya Ghuba kukaa na dada yangu siku zake 40 za uzazi, na mtoto alitarajiwa baada ya wiki mbili. Mle sandukuni mlikuwa na doti nne za kanga, liwa, udi, pilipili manga ya uji, kilo 3 za halua iliyokuja na basi kutoka Mombasa, mitungi miwili ya achari ya embe, na lita 3 za mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe kwa nazi alizoagiza Kilifi. Mafuta hayo yalikuwa ya kumkanda mzazi na kumpaka mtoto.

Kanga zikaingia kwenye begi la mkononi. Liwa, udi na pilipili manga zikaingia. Achari na mafuta havikuweza, kwa sababu kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti ukaguzi pamoja na abiria. Sheria hiyo ilitokana na njama ya kulipua ndege iliyogunduliwa London mwezi Agosti 2006, na viwanja vingi vinaifuata hadi leo. Kwa hiyo vitu vile vilikuwa na njia moja tu ya kusafiri, tumboni mwa ndege, na njia hiyo ndiyo ambayo hatukuwa tumeilipia. Halua nayo ikabaki kwa uzito wake. Mama hakulalamika. Alinikabidhi mtungi mmoja mmoja kama anayenikabidhi mtoto, akasema, "Basi tumia wewe," akaingia.

Mafuta niliyaweka kwenye rafu ya jikoni kwangu, mtaa wa South C. Baridi ya Julai ikayagandisha, yakawa meupe kama nta. Kila asubuhi nikichemsha chai nayaona. Hapo ndipo nilipoanza kuzisoma ada za ndege kama mwanafunzi anayekaribia mtihani.

Tiketi ile niliinunua mimi. Nilikaa kitandani na simu, nikaandika Nairobi na mji anakoishi dada yangu, nikaamuru orodha ianze na nauli ya chini. Ya kwanza ilikuwa rahisi kuliko ya pili kwa kama shilingi 4,000, nikaona nimemwokolea mama pesa. Kando ya bei palikuwa na vipicha vitatu vya mabegi, viwili vimefifia rangi. Sikuvitazama. Kosa hilo nalikubali na mama nimeshamwomba radhi.

Lakini nilirudi baadaye kwenye ukurasa uleule nikaangalia. Begi lile, katika ndege ile, siku ile ya kununua tiketi, lingegharimu dola 45. Chini ya shilingi 6,000. Kaunta iliuliza mara tatu na zaidi kwa kilo zilezile na rubani yuleyule. Hakuna kilichobadilika katika kazi ya kulibeba sanduku la mama isipokuwa saa ya kulipa. Tangu hapo nimeamini jambo moja, na kila ninachozidi kusoma kinanithibitishia: ada hizi hazipimi uzito wa mzigo. Zinapima nani alijua mapema na nani hakujua. Na asiyejua ni mama wa miaka 63 anayepanda ndege kwa mara ya kwanza. Ni kijana wa Kakamega anayekwenda kuanza kazi ya ulinzi Ghuba kwa tiketi aliyokatiwa na wakala, ambayo hakuionyeshwa mpaka asubuhi ya safari. Ni mwanafunzi aliyechangiwa na kijiji kizima. Mfanyabiashara anayeruka kila wiki hasumbuliwi. Kadi yake ya uanachama wa shirika humpa begi la ziada bila malipo. Anayeruka mara moja katika maisha ndiye anayetozwa bei ya juu kabisa.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Zamani nauli ilikuwa kifurushi kimoja: kiti, chakula, sanduku, vyote ndani. Mwaka 2006 Ryanair ya Ayalandi ikaanza kutoza mabegi yanayokabidhiwa kaunta. Mwaka 2008, mafuta ghafi yakiwa yanapaa kuelekea dola 147 kwa pipa, American Airlines ikatangaza dola 15 kwa begi la kwanza katika safari za ndani ya Marekani. Sababu iliyotolewa ilikuwa bei ya mafuta. Kufikia Desemba ya mwaka huohuo pipa lilikuwa limeanguka chini ya dola 40. Ada haikuanguka. Mashirika mengine makubwa yakafuata, na mwaka 2023 mashirika ya Marekani yalikusanya zaidi ya dola bilioni 7 kwa ada za mabegi peke yake. Southwest, ambayo ilijijengea jina kwa kubeba mabegi bure, nayo iliiacha desturi hiyo tarehe 28 Mei 2025.

Kuna sababu mbili ambazo hazisemwi sana. Ya kwanza ni kodi: huko Marekani nauli ya safari ya ndani hukatwa kodi ya serikali kuu ya asilimia 7.5, lakini ada ya begi haikatwi kodi hiyo. Pesa ikihamishwa kutoka nauli kwenda ada, shirika linabaki na sehemu kubwa zaidi. Ya pili ndiyo iliyonipata mimi kitandani. Mitandao ya kutafuta tiketi hupanga ndege kwa bei, ya chini ikikaa juu ya orodha. Shirika linalouza kifurushi kizima kwa bei ya haki husukumwa chini ya orodha, na linalong'oa begi, kiti na chakula kutoka kwenye nauli hupanda juu. Kila mmoja analazimika kung'oa kama mwenzake ili aonekane. Sisi wanunuzi, kwa kidole chetu kinachobonyeza "bei ya chini kwanza", tumeshiriki kuujenga mchezo huu, ingawa waliougeuza kuwa biashara ni wengine.

Hapa kwetu mtindo huo ulizoeleka zaidi baada ya Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, kuanza kuruka mwezi Aprili 2014 kwa nauli ya chini na huduma nyingine za kuongeza ukitaka. Nakiri kwamba umewafungulia watu anga. Jirani yangu hapa mtaani alipanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda kumzika baba yake Kisumu, akiwa na kibegi cha nguo za siku mbili. Hakuna haki ya kumlipisha sanduku la mtu mwingine. Kutenganisha mzigo na kiti si jambo geni kwetu. Nenda kituo cha mabasi ya mashambani cha Machakos, kile ambacho watu wa Nairobi wamekibandika jina la Machakos Airport, uone. Gunia la viazi lina bei yake, godoro lina bei yake. Makanga anasema mia tatu, wewe unasema mia na hamsini, mnakubaliana kabla basi halijawasha injini. Na asipokusikiliza, basi la pili liko pembeni, makanga wake anakuita "mamangu" kwa sauti ya kuchonga.

Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege basi la pili halipo. Viza imeshatoka, likizo imeshaombwa, mtoto anakaribia kuzaliwa, na ndege ni hiyo moja. Bei inayotajwa mahali ambapo mtu hawezi tena kukataa si bei ya sokoni. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata ile dola 150 yenyewe.

Watetezi wa ada husema uzito ni mafuta, na mafuta ni pesa. Ni kweli, na Nairobi ni kweli zaidi kuliko miji mingi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku juu ni nyepesi, na jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Injini hupata hewa kidogo ya kuchoma, mabawa hupata hewa kidogo ya kuegemea. Ndege iliyojaa inahitaji njia ndefu ndipo inyanyuke, na ndiyo maana njia yetu ya kurukia inazidi kilomita 4. Ndiyo pia moja ya sababu za safari ndefu nyingi kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa. Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja hadi New York tarehe 28 Oktoba 2018, safari ya kama saa 15, hesabu ya uzito ilikuwa kichwa cha mambo yote. Na ukienda uwanja wa Wilson kupanda ndege ndogo ya kwenda Maasai Mara utaambiwa kilo 15, begi laini lisilo na fremu, na hapo sina neno. Ndege ya abiria 12 inamhesabu kila mtu na kila kiatu.

Lakini hesabu ya uzito haijui saa. Kilo 20 zilizolipiwa wiki tatu kabla na kilo 20 zilizolipiwa dakika 40 kabla hula mafuta yaleyale. Wanaweza kusema kwamba mzigo unaojulikana mapema husaidia kupanga ndege, na kidogo kuna ukweli ndani yake. Haufikii mara tatu.

Basi niandike yale ambayo laiti mtu angeniambia kabla ya usiku ule.

Tiketi ya kielektroniki, ile karatasi inayokuja kwa barua pepe, ina safu nyembamba inayohusu mizigo. Mara nyingi inakuwa na herufi na tarakimu mbili tatu tu. 1PC ni begi moja la kukabidhi. 2PC ni mawili. 30K ni kilo 30 kwa jumla. Tiketi ya mama iliandikwa 0PC, na nyingine huandikwa NIL, yaani hakuna kitu. Tarakimu hiyo moja ilikuwa kwenye simu yangu kwa wiki tano kabla ya safari. Siku hizi mtu akinitumia tiketi ya ndugu yake na kuniuliza kama iko sawa, macho yangu yanakwenda hapo kabla ya jina na tarehe.

PC na K si lugha moja. Penye PC, idadi ya mabegi ndiyo inayohesabiwa na kila begi lina kikomo chake, kwa kawaida kilo 23 daraja la kawaida. Sanduku la kilo 28 na jingine la kilo 15 si sawa na mawili ya kilo 21 na nusu, hata kama jumla ni ileile. Lile la 28 litatozwa kwa kuzidi. Penye K, jumla ndiyo inayotazamwa, na familia iliyo kwenye tiketi moja mara nyingi huruhusiwa kujumlisha kilo zao. Na kuna kikomo ambacho hata pesa haikivuki kirahisi: sanduku moja likizidi kilo 32 hukataliwa karibu kila mahali, kwa sababu kuna binadamu atakayeliinua kwa mgongo wake. Kikomo hicho nakiheshimu kuliko vyote.

Kilo 7 za begi la mkononi zinajumuisha begi lenyewe. Begi la magurudumu likiwa tupu huweza kula kilo 2 na nusu, ukabaki na 4 na nusu za vitu. Mama sasa hubeba mkoba wa kitambaa ambao hauna hata nusu kilo, na ukimwona nao unadhani anakwenda soko la Burma hapa Nairobi. Mashirika mengine huruhusu pia kipochi kidogo cha kuweka chini ya kiti cha mbele, mengine huhesabu kipochi hicho kuwa ndicho begi la mkononi, na lile la juu ni la kulipia. Lazima usome la shirika lako, kwa nauli yako, kwa sababu shirika moja linaweza kuwa na nauli nne za daraja la kawaida zenye haki nne tofauti, na abiria wake wote wakakaa safu moja.

Palipo na ndege mbili njiani, uliza kama ni tiketi moja au mbili. Ikiwa moja, kwa kawaida kanuni ya mizigo ya shirika moja hutawala safari nzima na sanduku utalikuta mwisho wa safari. Ikiwa ni tiketi mbili zilizounganishwa na mtandao wa kuuzia tiketi ili bei ionekane ndogo, kila shirika lina kanuni yake, na huenda ukalichukua sanduku katikati na kulilipia upya. Mtu wangu wa karibu alilipia sanduku moja mara mbili katika siku moja, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba tiketi zake hazijuani.

Na namna ya kununua begi: siku ya kununua tiketi ndiyo bei ya chini kwa kawaida. Baada ya hapo, kwenye tovuti ya shirika lenyewe, bei huwa juu kidogo lakini bado ya kibinadamu. Kaunta ni ghali. Mlango wa kuingilia ndegeni ni ghali kuliko kaunta. Kama tiketi umekatiwa na wakala wa River Road au na mtandao wa nje, mwombe ile namba ya kumbukumbu yenye herufi na tarakimu sita, kisha ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika kwa namba hiyo na jina la ukoo, uone ulichonunuliwa. Wakala mzuri hataona vibaya kuulizwa. Anayeona vibaya amekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu viti sitasema mengi. Usipolipa utapewa kiti chochote kilichobaki, na mara nyingi hicho kinatosha. Kuna mashirika yanayokufanya uamini kwamba usipochagua kiti huna kiti. Ukurasa unakuonyesha ramani ya ndege yenye rangi na kitufe kikubwa cha kulipa, na njia ya kuendelea bila kulipa imeandikwa kwa herufi za kijivu chini kabisa. Itafute, ipo. Isipokuwa kama unasafiri na mtoto au na mzee asiyejua lugha ya wahudumu. Hapo ningelipa, kwa amani ya moyo. Chakula nunua au beba mandazi yako.

Jina ni jambo zito zaidi. Wengi wetu tuna majina matatu kwenye kitambulisho, mawili ya kawaida kwa marafiki, na tahajia ya tatu kwenye pasipoti. Tiketi ifuate pasipoti, herufi kwa herufi. Kurekebisha jina kwa mashirika mengine ni ada, kwa mengine ni kununua tiketi upya. Vivyo hivyo usiiache ndege ya kwenda ukidhani utaitumia ya kurudi. Ukikosa kipande cha kwanza, mashirika mengi hufuta vilivyobaki bila kukuuliza.

Halafu kuna zile herufi YQ na YR kwenye mchanganuo wa bei, zikikaa katikati ya kodi kama ndugu zao. Si kodi. Ni nyongeza ya shirika lenyewe, iliyoanza kwa jina la mafuta. Ukiifuta safari kabisa, kodi za uwanja ambazo hukuzitumia mara nyingi zinaweza kudaiwa, lakini YQ kwa kawaida hufuata masharti ya nauli, na nauli ya chini kabisa masharti yake ni makali. Na kwa kuwa ada nyingi za kaunta hutajwa kwa dola, shilingi inapoyumba mzigo huyumba nayo. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160, na miezi michache baadaye ikawa kama 130. Sanduku lilelile, ada ileile ya dola 150, tofauti ya zaidi ya shilingi 4,000.

Sheria yetu haiko kimya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa na huduma. Sheria ya Ushindani ya mwaka huohuo, kifungu cha 56, inasema mtumiaji ana haki ya kujulishwa malipo yote yanayokusudiwa katika huduma, kwa jina lolote yatakaloitwa, na kwamba mtu asitozwe ada ambayo hakufahamishwa kabla. Kwa jina lolote yatakaloitwa! Walioandika maneno hayo walijua vizuri tabia ya ada.

Swali ni nini maana ya kujulishwa. Vipicha viwili vilivyofifia kando ya bei ni kumjulisha mtu? Kwa wakili wa shirika, ndiyo. Kwa mama yangu, na kwangu mimi niliyesoma mpaka chuo kikuu, hapana. Na kuna jambo moja ambalo sikulipata popote kwenye ukurasa ule hata niliporudi kuutafuta kwa makusudi: bei ya kaunta. Niliona dola 45. Dola 150 niliikuta kwenye hati ndefu ya masharti, mibonyezo mitano mbali, kwenye jedwali la kanda za dunia ambalo lilinitaka kwanza nijue Kenya iko kanda gani.

Ulaya wamefika mbele kidogo. Kanuni yao ya mwaka 2008, namba 1008, inataka bei ya mwisho ionyeshwe tangu mwanzo, na huduma za nyongeza zichaguliwe na mteja mwenyewe, zisije zimeshawekewa alama. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba begi la kukabidhi linaweza kutozwa peke yake, lakini begi la mkononi lenye ukubwa na uzito wa kiasi ni sehemu ya lazima ya kumsafirisha mtu na halifai kuongezewa bei. Novemba 2024 Uhispania ikayatoza mashirika matano faini ya jumla ya euro milioni 179 kwa vitendo vikiwemo kulipisha mabegi ya mkononi. Mashirika yakapinga, na mvutano haukuishia hapo.

Mimi sitaki begi la bure. Nataka vitu viwili kutoka kwa wanaosimamia usafiri wa anga na ushindani nchini. Bei ya tiketi pamoja na begi moja ionyeshwe kando ya ile isiyo na begi, kwa herufi za ukubwa uleule, popote tiketi inapouzwa kwa Mkenya. Na bei ya kaunta iandikwe palepale, siku ya kununua, kwa shilingi. Mtu akishaona 6,000 na 19,000 zimekaa pamoja hatahitaji kuelezwa zaidi. Hilo haliligharimu shirika chochote isipokuwa faida inayotokana na mtu kutojua, na faida hiyo sioni kwa nini tuilinde.

Mwezi uliopita mama amesafiri tena, mjukuu anatimiza mwaka. Safari hii tulinunua tiketi tukiwa wote wawili mezani, yeye na miwani yake, mimi na simu. Ya kwanza kwenye orodha tuliipita. Tuliyoichukua ilizidi kwa shilingi 3,700 na ilikuwa na 1PC. Nilimwonyesha herufi hizo akazigusa kwa kidole kwenye kioo. "Hii ndiyo begi?" Ndiyo, mama, hii ndiyo begi.

Siku moja kabla ya safari tulilibeba sanduku hadi kwa muuza nyama wa mtaani, ambaye ana mizani ya kuning'iniza. Akafuta ndoano kwa kitambaa safi, akalipachika sanduku kwa mpini, akasubiri mshale utulie. Kilo 24 na nusu. Mama akalifungua palepale juu ya benchi, akatoa mitungi miwili ya achari, akampa muuza nyama mmoja. Yule bwana akakataa, akakubali. Mara ya pili mshale ukasimama kabla ya 23. Mafuta ya nazi yalikuwa mle ndani, lita 3, mapya, kila chupa imefungwa kwa mifuko miwili na kuviringishwa kwenye kanga.

Embakasi nilibaki nje kama kawaida, kadi ya benki mfukoni. Sikwenda kwenye gari. Baada ya kama nusu saa simu ikalia.

"Limepita," mama akasema. "Huyu binti wa leo ananiuliza ndani mna nini, mbona linanukia iliki."